Kinachomtapisha Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe ametapika tena. Saa moja na nusu asubuhi, chai haijatulia hata tumboni. Mke wangu akakimbia na beseni, mimi nikakimbia na taulo, tukagongana mlangoni. Mama akatuomba radhi! Mtu anatapika, na yeye ndiye anayeomba radhi.

Huu ni mwezi wa nne. Siku tatu mzima, siku mbili beseni. Zahanati wamempima minyoo: hana. Vidonda vya tumbo: hana. Wakampa unga mweupe wa kukoroga kwenye maji, akautapika nao. Chanzo hakijulikani. Kila anayekuja kumjulia hali anatikisa kichwa na kusema ni umri. Umri! Umri hautapishi mtu. Ingekuwa hivyo, wazee wote wangetembea na beseni kwapani.

Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Nimeamua kukitafuta chanzo mimi mwenyewe, kimyakimya, kwa akili. Nikishakipata nitakitangaza mbele ya familia nzima. Hasa mbele ya Miwani.

Miwani ni mwanyumba wangu, yaani amemwoa dada wa mke wangu. Jina nimempa mimi, kwa sababu ya duka lake la miwani, na kwa sababu huivua na kuifuta kila anapotaka kusema uongo. Anakaa mtaa wa pili. Kila jioni akishafunga duka anapita kumwona Mama, na chupa ya maziwa mkononi. Hukohoa mlangoni kabla ya kuingia, kama mheshimiwa. Mimi ninaishi humuhumu, vyumba vya nyuma vya nyumba ya Mama, lakini ukimsikiliza yeye utadhani mimi ndiye mgeni.

Kuna jambo jingine. Chumba cha mbele, chenye mlango wa barabarani, kiko wazi tangu mpangaji ahame. Mimi ni fundi rangi. Makopo yangu yamo humo tayari, kwa muda. Miwani anataka kiwe tawi la duka lake. Mama hajatamka neno. Sisemi kwamba ninatafuta chanzo cha ugonjwa kwa ajili ya chumba. La hasha. Ninasema tu kwamba aliyeponywa humkumbuka aliyemponya.

Jumanne, 4 Machi

Nimefikiri kutwa nzima nikiwa juu ya ngazi, ukuta wa shule, rangi ya bluu chini na krimu juu. Jibu limekuja nikiwa kwenye krimu. Maziwa! Nani analeta maziwa? Miwani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mpango: leo Miwani ameacha chupa jikoni kama kawaida, mke wangu ayachemshe. Nimejitolea kuyachemsha mimi. Mke wangu ameshangaa, akasema tangu lini. Nimeyachemsha, nimeyanywa yote nikiwa nimesimama, nimempelekea Mama uji mwepesi. Sasa tusubiri.

Nieleze pia habari ya kidonge, maana daftari ni la siri. Mama ana moyo dhaifu tangu mwaka jana. Daktari alimwandikia dawa: kidonge kimoja kwa siku. Miwani akajitwika kazi ya kumletea. Basi kila mgeni akija ni sifa: mkwe wangu huyu ndiye ananiletea dawa, Mungu amzidishie. Mimi nimekaa palepale, nimekunja mikono! Niliyavumilia mpaka Novemba. Nikachukua cheti cha daktari mezani, nikaenda duka la dawa la mbali, nikanunua ya kwangu. Ya Miwani imo kwenye kikopo cha plastiki kisicho na hata picha. Yangu ina boksi, na juu ya boksi kuna moyo mwekundu umechorwa vizuri kabisa. Mimi ni mtu wa rangi, ninajua kazi nzuri nikiiona. Nikamwambia Mama aachane na ile, atumie hii, na tusimwambie mwenzangu asije akaumia. Mama akanitazama kwa muda. Akasema haya.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya chai, ni mimi, kidonge na glasi ya maji. Miwani hajui kwamba alishashindwa zamani. Ukweli ni kwamba hilo hunipa furaha kuliko linavyostahili.

Alhamisi, 6 Machi

Mama ametapika jana na leo. Bila tone la maziwa! Basi maziwa hayana hatia. Mwenye hatia ni mimi: Miwani alipoona chupa tupu alifurahi sana, akasema Mama ameanza kuyapenda, akaleta chupa kubwa zaidi. Siwezi kuyamwaga, mke wangu yuko jikoni. Siwezi kumpa Mama, uchunguzi bado. Nimeyanywa. Leo nimeshuka ngazi ya shule mara nne kwenda msalani. Msimamizi ameniuliza kama nami ninatapika. Nimemwambia hapana, mimi ni upande mwingine.

Halafu likaja pigo. Jioni Miwani amekaa kando ya kitanda cha Mama, akavua miwani, akaifuta. Amesema yeye hataki kumsema mtu, ila anashangaa kwamba katika nyumba yenye mgonjwa wa kutapika kuna chumba kizima cha makopo ya rangi. Harufu, amesema. Harufu ya rangi humgeuza mtu tumbo. Mke wangu akanitazama. Mama akasema harufu haimsumbui. Miwani akasema Mama ni mstaarabu sana.

Usingizi hauji. Nyani haoni kundule! Duka lake linanuka gundi.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya, na ni mzuri. Kama rangi ndiyo inamtapisha Mama, basi chumba chake cha kulala kikipakwa rangi atatapika papo hapo. Nikikipaka asitapike, Miwani ataaibika. Nimepata kopo la rangi ya maji isiyo na harufu, nyeupe safi. Nyeupe ya hospitali. Nimemwambia Mama kwamba kuta zake zimechoka. Amesema kuta na yeye ni rika moja, ningewaacha wachoke pamoja. Nimecheka, lakini nimepaka.

Tulimpeleka uani, tukamwekea kiti chenye mto. Mke wangu hakuupenda mpango. Amesema mtu mgonjwa anahitaji kutulia na siyo kuhamahama. Nimemwambia asubiri aone. Amesema amekuwa akisubiri aone tangu siku ya harusi.

Nimefanya kazi vizuri. Niseme ukweli wangu: mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, pembe zimenyooka, dari haina tone. Nilipokuwa napaka niliona ukutani, kando ya kitanda, sehemu iliyochakaa kwa kiganja. Hapo ndipo hushika anapoinama kutapika. Miezi minne kiganja kinagusa palepale. Nilisimama na brashi mkononi kwa muda. Halafu nikapaka.

Jumapili, 9 Machi

Tusi!

Tumemrudisha Mama chumbani asubuhi, baada ya kidonge. Miwani amekuja mapema kwa makusudi ya kunusa. Hakuna harufu. Mama ameketi kitandani, amezungusha macho ukuta hadi ukuta, akatabasamu. Akasema asante baba, manjano imependeza.

Manjano!

Nikasema Mama, hii ni nyeupe. Akasema kweli? Nikaleta kopo nikamwonyesha maandishi. Akaangalia kopo, akaangalia ukuta, akasema basi ni nyeupe, kama fundi mwenyewe anasema. Kwa upole. Ule upole wa kumwambia mtoto kwamba mchoro wake ni ng'ombe kweli.

Miwani alikuwa anacheka kwa mabega. Nina uhakika amemfundisha. Nani mwingine angejua mahali pa kumchoma fundi rangi? Ukimwambia fundi rangi kwamba nyeupe yake ni manjano, umemwambia kwamba anachanganya makopo. Nimetoka nje nikaosha brashi zilizokwisha kuoshwa.

Mchana ametapika. Miwani amesema si alisema. Nimemkumbusha kwamba wiki iliyopita alitapika kabla ya rangi. Akasema harufu hutangulia. Harufu hutangulia! Na huyu ndiye mtu anayepima macho ya watu.

Jumatatu, 10 Machi

Miwani amepata mpango wake. Amesema kama Mama anaona manjano penye nyeupe, tatizo ni macho, na macho mabovu huleta kizunguzungu, na kizunguzungu huleta kutapika. Amekuja na lile bango la herufi, kubwa juu na ndogo chini, ameligongomea misumari kwenye ukuta wangu mpya. Misumari! Kwenye rangi ya siku mbili!

Mama amesoma mistari mitatu. Wa nne amesema anauona, lakini kila herufi imezungukwa na mduara wa mwanga, kama taa kwenye ukungu. Miwani ameandika kwenye kikaratasi kwa uso wa mtaalamu. Jioni amerudi na miwani ya fremu ya dhahabu. Mama ameivaa. Ameshukuru. Ameambiwa inampendeza. Baada ya dakika kumi ametapika akiwa nayo usoni.

Nilifurahi. Ninaliandika kwa sababu daftari halina faida likidanganya. Mama wa mke wangu ameinamia beseni, na mimi nilikuwa nafurahi kwamba miwani ya Miwani haikusaidia. Mke wangu aliniona. Alichukua beseni akaenda kulimwaga.

Jumatano, 12 Machi

Mke wangu ni fundi cherehani, hushona sare za shule. Leo nimerudi nikamkuta kwenye mashine, lakini si sare. Ni gauni la Mama, lile la maua ya zambarau. Analipunguza kiunoni. Nimemwambia si alilipunguza mwezi jana. Amesema ndiyo, na mwezi juzi pia. Akanionyesha upande wa ndani: mistari mitatu ya uzi, mmoja ndani ya mwingine. Amesema kitambaa kinachobaki sasa kinatosha kushonea mtoto nguo.

Kisha akalia. Si kwa kelele. Machozi yalidondoka kwenye bati la mashine akawa anayafuta kwa kitambaa cha mafuta ili yasilete kutu.

Amesema hataki kusikia tena habari ya maziwa, rangi wala macho. Amesema mimi na Miwani tunaulizana maswali sisi kwa sisi na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Mama. Nimesema tunamuuliza kila siku. Amesema tunamuuliza kama hajambo, na Mama akiulizwa hivyo na mkwe wake atasema hajambo hata jeneza lake likiwa linapimwa. Kesho anampeleka hospitali kubwa. Ananipa ruhusa ya kuja nikifunga mdomo.

Nimekaa uani mpaka jua limezama. Ukweli ninaogopa. Mama huyu aliponipa binti yake nilikuwa na brashi mbili na ngazi ya kuazima. Wajomba walinikataa. Yeye alisema kijana anayepaka mpaka nyuma ya mlango ambako hakuna anayeona, huyo anafaa. Sijawahi kumshukuru kwa sentensi ile. Nilidhani kuna muda.

Nimeandaa orodha ya ushahidi dhidi ya Miwani, kurasa mbili, nimpe daktari.

Alhamisi, 13 Machi

Leo ninaandika polepole.

Tulikwenda wanne: Mama, mke wangu, mimi, na Miwani ambaye hakualikwa. Korido ndefu, benchi la mbao, watu wamekaa wakisogea nafasi moja moja. Daktari ni mwanamke, kijana, amevaa raba. Niliona raba nikakata tamaa. Nimekosea sana.

Amemuuliza Mama anajisikiaje. Nikajibu mimi. Akamuuliza ameanza lini. Miwani akajibu. Daktari akageuka akatuuliza taratibu kati yetu ni nani mgonjwa. Tukarudi nyuma hatua moja.

Akashika mkono wa Mama. Akahesabu akitazama saa. Akahesabu tena. Uso ukabadilika kidogo, kama wa fundi aliyegonga ukuta akasikia ndani kuna uwazi. Akauliza kama kuna kingine kimebadilika, chochote, hata kisichohusu tumbo. Mama akasema hakuna. Mke wangu akasema macho. Hapo Miwani akadakia kwamba la macho ameshalishughulikia. Na mimi nikadakia kwamba ukuta ni mweupe, kopo ninalo, risiti ninayo.

Daktari akaweka kalamu chini. Akasema tusubiri kidogo. Ukuta umefanya nini?

Nikaeleza. Nyeupe, manjano, tusi lote. Mama akasema kwa aibu kwamba si ukuta tu, hata mashuka, hata uji, tangu mwezi uliopita, ila hakutaka kutusumbua. Daktari akauliza anatumia dawa gani.

Miwani akasema kidonge cha moyo, kimoja tu, kila jioni, anampa yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Na mimi wakati uleule nikawa nasema kidonge cha moyo, kimoja tu, kila asubuhi, ninampa mimi.

Nje mtu aliita namba. Mimi na Miwani tukatazamana. Zahanati waliwahi kuuliza, ninakumbuka. Nikienda naye mimi nasema kimoja. Akienda naye Miwani anasema kimoja. Wote wakweli.

Daktari akaomba azione. Kikopo cha Miwani kilikuwa mfukoni mwake. Boksi langu lilikuwa nyumbani, kwenye droo ya brashi, chini ya msasa. Nimekimbia. Mtu mzima, tumbo mbele, nimekimbia barabara nzima kwenda na kurudi. Nimeliweka mezani. Boksi lenye moyo mwekundu, kando ya kikopo kisicho na picha. Daktari akasoma hiki, akasoma kile. Akasema kampuni mbili, majina mawili ya dukani, dawa ni ileile moja. Kidonge kimoja kinausaidia moyo wake. Viwili kila siku, kwa mwili wa umri ule, vinajikusanya kidogo kidogo mpaka vinakuwa sumu. Tumbo hukataa. Macho hugeuza rangi. Mapigo hupungua. Amesema kwa mapigo aliyoyahesabu, anamlaza sasa hivi, na kama tungechelewa wiki moja, hapendi kutuambia nini kingetokea.

Tulikitafuta chanzo miezi minne. Kilikuwa kinakunywa chai mezani, kimekunja mikono. Na vilikuwa vyanzo viwili.

Orodha yangu ya ushahidi ilianguka kutoka mfukoni nilipokuwa namsaidia Mama kwenye kiti cha magurudumu. Mke wangu akaiokota. Akasoma mstari wa kwanza, akaikunja, akanirudishia. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 14 Machi

Wodini. Mama ameunganishwa na mashine inayochora milima midogo. Wamesimamisha dawa, wamepima damu, wanasubiri mwili ujisafishe. Daktari amesema hatari kubwa imepita lakini hataki sherehe.

Nimeingia peke yangu, saa ya kuona wagonjwa. Sikujua pa kuweka mikono. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Mimi nilimwambia aache kile cha Miwani. Mama akasema ndiyo, na Miwani naye alipoliona boksi langu alimwambia aache changu, na wasinieleze nisije nikaumia.

Akasema hivi, ninaandika kama alivyosema: "Ningemrudisha nani mkono mtupu? Wote ni wakwe zangu. Nikimkataa mmoja, binti yangu mmoja atalala na mume mwenye kinyongo. Nikaona vidonge ni vidogo. Ugomvi wenu ndio mkubwa, huo nisingeweza kuumeza."

Nikamuuliza hakuwa na wasiwasi. Akasema alikuwa nao. Asubuhi akinitazama ninavyoshika ile glasi kwa mikono miwili anasema moyoni, huyu furaha yake ya siku nzima ni hii, nimnyime? Jioni anamtazama Miwani, anasema hivyohivyo.

Nilitoka nikaenda msalani nikalia. Nimerudi koridoni nikamkuta Miwani kwenye benchi ameshika miwani yake mkononi, haifuti, macho mekundu. Nikakaa. Halafu akasema ile nyeupe ilikuwa nyeupe nzuri. Nikasema fremu ya dhahabu ilimpendeza kweli. Tukapeana mikono.

Jumatano, 19 Machi

Mama amerudi nyumbani! Siku tano bila kutapika. Jana amekula sahani nzima akaomba ya pili, wauguzi wakapiga makofi. Ameingia chumbani kwake, akasimama katikati, akatazama kuta. Akasema kumbe kweli nyeupe. Akazitazama tena. Akasema misumari ya nani hii.

Familia imekaa kikao, sebuleni, shemeji yangu, mke wa Miwani, naye akiwepo. Dawa sasa zinakaa kwa mke wangu, kwenye sanduku la cherehani, na ufunguo ameuning'iniza shingoni. Mimi na Miwani tumesimama mbele ya wote tukaapa: hakuna kidonge, maziwa, uji wala chochote cha kumeza kitakachotoka mkononi mwetu kwenda mdomoni mwa Mama bila ruhusa ya mke wangu. Mke wangu ametamka maneno, sisi tumerudia. Shemeji akatuambia turudie kwa sauti.

Halafu Mama akatoa uamuzi kuhusu chumba cha mbele. Kitakuwa cha mke wangu, cha kushonea. Wateja wapitie mlango wa barabarani. Mimi nitoe makopo yangu hadi Ijumaa. Nimemtazama Miwani, Miwani amenitazama. Ni haki. Nimesema mwenyewe kwa sauti kwamba ni haki.

Ninatazama kurasa za nyuma za daftari hili na ninaona aibu. Mashindano yote yale, na mwenye kuyabeba alikuwa mama wa watu mwenye moyo dhaifu. Nimebadilika. Simshindi mtu tena, sishindani na mtu tena. Mwanyumba ni ndugu. Daktari amesema Mama anatakiwa kunyoosha miguu taratibu: mara moja kwa siku, hadi kwenye kona na kurudi, basi, na mtu wa kumshika mkono. Nimefurahi kwamba ni jambo jepesi lisilohitaji akili.

Jumatatu, 24 Machi

Kiapo kilihusu vitu vya kumeza. Nimekipitia neno kwa neno. Kutembea hakumezwi.

Tangu Alhamisi ninamtembeza Mama mimi. Saa kumi alasiri, mke wangu akiwa kwenye mashine chumba cha mbele, tunapitia mlango wa uani. Sijamwambia mtu, siyo siri, ila watu hupenda kuingilia. Ninamshika mkono, tunakwenda hadi kona, majirani wanaona, wanasema mkwe mwema huyo. Siku mbili za kwanza alikwenda vizuri sana.

Leo alikuwa mzito. Nilipofika kumchukua alikuwa ndiyo kwanza ameketi, viatu bado miguuni, vina vumbi jipya. Nikamuuliza kama yuko tayari. Akavitazama viatu, akanitazama mimi, akasimama. Katikati ya njia akaomba tupumzike kwenye kijiukuta cha duka la mkaa. Alikuwa anahema. Nikafikiri ni jua.

Mwenye mkaa akamsalimu, akamwambia Mama siku hizi una bidii kweli, saa tisa na yule wa miwani, saa kumi na huyu wa rangi!

Saa tisa! Anafunga duka mchana kwa ajili hiyo! Baada ya machozi yale, baada ya kupeana mikono kwenye benchi! Na Mama hakuniambia lolote, alikuwa anafuta vumbi kwenye kiatu kwa ncha ya khanga. Nimeumia sana. Mimi nimebadilika, mwenzangu amebaki vilevile.

Lakini hasira hasara, inatakiwa akili. Nimemwomba msimamizi ruhusa ya kutoka mapema. Kesho saa nane kamili niko mlango wa uani, kabla Miwani hajavaa hata kofia. Na sisi hatutaishia kwenye kona.